Gazeti hushinda kesi likiwa limeshakufa

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu wiki iliyopita alitutaka tusipige sana kelele magazeti yakifungiwa, kwa kuwa hata nchi zinazojivunia demokrasia huziba watu midomo. Ushahidi anao, na mimi ningemwongezea. Mwaka 1988 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku sauti za viongozi wa Sinn Féin, chama cha Ireland Kaskazini kilichohusishwa na wapiganaji wa IRA, redioni na kwenye televisheni. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1994. BBC ikawa inamwonyesha kiongozi wa chama hicho, Gerry Adams, akifungua mdomo, huku maneno yake yakisemwa na mwigizaji. Ni kichekesho, lakini ndiyo iliyokuwa sera ya serikali iliyoingia madarakani kwa kura.

Ninapoachana naye ni pale anaposema kwamba basi wote ni walewale. Aangalie Eritrea. Septemba 2001 serikali ilifunga magazeti yote ya binafsi kwa mkupuo mmoja, ikakamata wahariri na waandishi. Mmoja wao, Dawit Isaak, hajafikishwa mahakamani mpaka leo. Kule huna jaji wa kumkimbilia, na halikubaki hata gazeti moja la binafsi la kuandika kwamba mengine yamefungwa.

Sasa aangalie Marekani, Juni 1971. Gazeti la New York Times lilianza kuchapa nyaraka za siri za vita vya Vietnam. Serikali ya Rais Nixon ilikasirika, ikadai usalama wa taifa uko hatarini, kisha ikaenda mahakamani. Hapo ndipo pa kutazama: serikali ndiyo iliyobeba mzigo wa kwenda kumshawishi jaji. Gazeti lilisimamishwa kwa muda tarehe 15, na tarehe 30 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ile ikaamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba liendelee kuchapa. Siku 15 tu.

Kwetu Tanzania mambo huenda kinyume. Agosti 2016 Waziri wa Habari alilifungia gazeti la Mseto miezi 36 kwa amri yake mwenyewe, na gazeti ndilo likaanza kutafuta mahakama. Lilikwenda hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Juni 2018 likashinda. Halikurudi mezani. Leseni ilirejeshwa Februari 2022, pamoja na za Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima, kwa agizo la Rais Samia. Namshukuru kwa hilo. Aliyezikabidhi ni Nape Nnauye, waziri yuleyule aliyelifungia Mseto mwaka 2016.

Mimi ni wakala wa magazeti, najua muda huo hulifanya nini gazeti. Wiki ya kwanza wateja huuliza. Mwezi wa pili wameshazoea jingine, au wameacha kabisa kununua wanasoma kwenye simu. Mwandishi ana kodi ya nyumba, atahamia kwingine, au ataacha kazi hiyo akatafute ya uafisa habari kwenye halmashauri. Mwenye tangazo hangoji hukumu. Kiwanda cha uchapaji nacho kinadai. Ukirudishiwa leseni baada ya miaka mitano na zaidi, umerudishiwa karatasi.

Kwa hiyo mimi naipima demokrasia kwa kalenda. Wakenya walizimiwa vituo vya televisheni vya NTV, KTN News, Citizen na Inooro tarehe 30 Januari 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa rais wa wananchi katika Uhuru Park, Nairobi. Mahakama iliamuru ziwashwe tarehe 1 Februari; Citizen na Inooro zilirudi hewani wiki nzima baadaye, jambo la aibu kwa nchi yenye katiba ile. Juni 25, 2025, vituo vilipozimwa tena kwa kurusha maandamano moja kwa moja, amri ya mahakama ilitoka siku hiyohiyo na matangazo yakarejea usiku. Tabia ya serikali haikubadilika, ila safari hii jaji aliwahi na amri yake ikasikilizwa.

Hapa kwetu, Oktoba 2024, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa sababu ya katuni ya video iliyogusa habari za watu kupotea na kuuawa. Siku 30 huisha kabla wakili hajamaliza kupanga faili lake. Ukikata rufaa na ukashinda, unashinda nini wakati adhabu umeshaitumikia?

(Kuna na ile njia ya kimyakimya, ya kulinyima gazeti matangazo ya serikali. Hiyo nitaiandikia barua nyingine.)

Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 ilirekebishwa mwaka 2023. Ikirudi tena bungeni, nawaomba wabunge waingize jambo moja: anayetaka kufungia chombo cha habari atangulie yeye mahakamani, na jaji apewe siku chache za kuamua, si miezi. Kama kweli kuna hatari kwa taifa, jaji ataelezwa na ataelewa.

Nawe, Mhariri, nina ombi. Kila chombo kinapofungiwa, chapeni katika ukurasa wa pili tarehe ya amri, na pembeni yake tarehe shauri liliposikilizwa. Kama halijasikilizwa, acheni nafasi hiyo wazi, toleo baada ya toleo.

Wakala wa magazeti,
Tanga