Kabla Hujatuletea Picha Tuikate Vipande

Wateja wengi hutujia wakiwa na picha iliyokamilika na ombi moja: ikateni vipande, iwe mchezo wa mtoto kuipanga upya. Huwa tunawasihi tuanze upya. Picha ya ukutani hutazamwa nzima. Ya mchezo wa kupanga vipande, mtoto huikuta imetawanyika mezani, na kila kipande lazima kimwonyeshe kinakokaa. Anga tupu la samawati linapendeza ukutani, lakini ukilikata mara kumi unapata vipande kumi visivyosema lolote.

Hapa Nairobi walimu huulizia zaidi ramani ya Kenya yenye kaunti 47. Wazo lenyewe ni la zamani: miaka ya 1760 John Spilsbury wa London aliuza ramani zilizobandikwa kwenye ubao na kukatwa kwa kufuata mipaka, watoto wajifunze jiografia. Kwetu ugumu ni ukubwa. Turkana na Marsabit hujaza kiganja, ilhali Mombasa, kwenye ramani hiyo hiyo, hubaki kama punje ya mahindi. Kipande hicho kitapotea wiki ya kwanza, au mtoto mdogo nyumbani atakimeza. Wapo wanaotuomba tukinenepeshe kidogo. Hilo hatulifanyi, kwa sababu mwanafunzi atalibeba umbo la uongo hadi chumba cha mtihani. Tunachofanya ni kuunganisha Mombasa na jirani yake Kilifi katika kipande kimoja, mpaka ukiwa umechorwa wazi, na kuandaa ubao wa pili uliokuzwa kwa kaunti ndogo za magharibi kama Vihiga.

Rangi nne zinatosha ramani yoyote bila majirani kufanana. Wanahisabati walithibitisha hilo mwaka 1976. Ila kuna watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo tunaongeza alama: majani chai Kericho, mpunga Kirinyaga, ngamia Wajir. Majina huyaweka mbali na ukingo, maana leza, mwali wa mwanga tunaokatia, huunguza mbao unapopita.

Ukija, tuambie kwanza umri wa watoto, somo na ukubwa wa sanduku. Mchoro wa penseli unatosha. Tutachapa nakala moja kwenye kadibodi, tuikate kwa mkasi, nawe uipeleke darasani. Kipande kitakachowakwamisha watoto wengi ndicho tutakachokichora upya kabla ya kugusa mbao.