Kikao cha Jumamosi kimesogezwa

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunakutana saa 4 asubuhi, si saa 8 tena, palepale Sinza. Tunamalizia video ya wasichana waliorudi shule baada ya kujifungua, tangu serikali iliporuhusu Novemba 2021.

1. Njoo na picha tatu na sauti ya dakika moja. Sura zao zisionekane! Ile ya daftari lenye doa la uji wa mtoto inatosha kabisa.
2. Mchango 5,000 kwa mhazini kabla ya Ijumaa jioni, wa bando na chai.

Jamani, rekodini ndani. Za juzi zimejaa bodaboda tupu.

Andika NIPO leo kabla ya saa 2 usiku. Asiyekuja naye aseme. Asanteni.