Badilisha lile neno kabla ya Ijumaa

Mwanangu Zuhura,

Barua yako ya maombi nimeisoma mara tatu, ya mwisho kwa sauti, mama yako akisikiliza huku anakuna nazi. Imetupa fahari. Ila pale unapojieleza umeandika "stubborn". Liondoe. Nimekupigia tangu juzi hupokei, na hilo si uungwana.

Mwingereza akimwita mtu "stubborn" anamwona baghala: ameonyeshwa kosa, bado kakaza shingo. Neno hilohilo hulitumia kwa doa la korosho lisilotoka kwenye shati. Marafiki wanaweza kutaniana nalo, lakini hawa wanakupima kama utafaa kuuguza wagonjwa wao. Weka "persistent". Huyo ni mtu anayerudi tena na tena hata njia ikiwa ngumu. Asili yake ni Kilatini, kusimama imara. Mwishoni ni "-ent", si "-ant". Wengi huteleza hapo.

Nalo lichunge. Kikohozi kisichokoma huitwa "persistent", na mvua isiyokatika, na mdai anayegonga mlango kila asubuhi. Ni kama sugu yetu. Sugu iliyo kiganjani mwa mama yako, chini ya kidole cha shahada, imetokana na jembe lililokusomesha. Lakini mwizi sugu naye yupo. Kwa hiyo usiliache peke yake. Taja ulichokirudia: mtihani wa kemia ulioufanya mara mbili. Usiuonee haya, mimi siuonei.

Zamani ubaoni maneno yote mawili niliyafasiri kwa moja tu, mkaidi. Nawe ulikaa dawati la mbele. Nyumbani pia nilikuita hivyo kila ulipouliza swali la pili. Ya siku ile ya ada sitayarudia, unayajua. Ulikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini lile neno, mwanangu, liondoe.

Barua hii nampa kondakta pamoja na kiroba cha machungwa. Ya juu yameiva, anza nayo. Bati la jikoni bado linavuja, fundi anadai misumari. Bibi yako anaulizia dawa zake za presha. Ukipata mtu anayekuja Muheza, mpe.

Ukishabadilisha nitumie nakala niisome kabla hujaituma. Ijumaa ni keshokutwa.

Baba yako