Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Watoto wa Mwanza nao waishike amonaiti

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mwanza, ambako nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya miamba na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, nakwama palepale. Darasa zima linainamia mchoro mmoja wa amonaiti, mnyama wa bahari wa kale mwenye gamba lililojizungusha, wino umefifia, na hakuna hata mmoja, pamoja na mimi kwa miaka mingi, aliyewahi kushika kitu chenyewe. Ombi langu ni moja: wizara yako ituandalie sisi wa Kanda ya Ziwa sanduku la visukuku halisi kutoka pwani ya kusini, lizunguke shule hadi shule.

Wanafunzi wangu wamekulia kwenye mawe. Wapo ambao mama zao wanaponda kokoto vilimani, na wakija asubuhi vumbi la jiwe bado liko kwenye kola. Ndiyo maana swali lao huwa halichelewi: "Mwalimu, mawe yote haya, sisi tukose hata amonaiti moja?" Nawajibu kwamba tutakosa, na sababu yake ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Granaiti ya Mwanza, hii iliyobeba Jiwe la Bismarck na nyumba zetu za mlimani, ni uji wa moto ulioganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wakati huo duniani hapakuwa na kiumbe mwenye gamba wala mfupa. Na ziwa letu, pamoja na ukubwa wake, ni mtoto mdogo: lina umri wa miaka laki chache tu, maji yake hayana chumvi, tena liliwahi kukauka kabisa kabla ya kujaa upya miaka elfu kumi na kitu iliyopita. Amonaiti aliishi baharini tu, akatoweka miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria. Kwa hiyo mtoto wa Mwanza anaweza kuponda mawe maisha yake yote asimwone. Inabidi aletewe.

Niliwahi kujaribu kumleta mwenyewe. Nilinunua amonaiti kwa muuzaji wa mapambo, shilingi 40,000, ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa ya kahawia, inang'aa, imejizungusha vizuri kama pembe ya kondoo dume. Niliipitisha dawati kwa dawati. Ilipofika nyuma, binti mmoja akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni, akasema, "Mwalimu, hii ina mshono kama beseni." Ulikuwepo kweli, mstari mwembamba uliozunguka kote, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Tukatazama kwa lenzi, tukaona vitundu vya mapovu ya hewa. Tukapasha sindano moto, tukaigusa nayo. Ikazama, na darasa likanuka ndoo inayoungua. Ilikuwa plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe.

Binti yule alistahili makofi na aliyapata. Ila kilichoniuma ni kwamba alikuwa hana ya kweli ya kulinganishia. Alijua ya uongo inavyokuwa, basi.

Ya kweli nimeipata mwaka jana, kwa msiba. Marehemu mjomba alikuwa dereva wa malori, alisafiri sana Lindi na Kilwa. Tulipogawana vitu vyake nikakuta, ndani ya kopo la maziwa ya unga, jiwe la ukubwa wa ngumi, la kijivu, wala halivutii kwa mbali. Ukilishika ni zito na la baridi hata mchana wa jua kali. Upande mmoja gamba limelika, na hapo ndipo panaponishika hadi leo: mistari imejipinda na kujichonga kama ukingo wa jani la mpapai, mmoja baada ya mwingine, kuelekea katikati. Kila mstari ni mahali ambapo ukuta wa chumba ulikutana na gamba. Mnyama mwenyewe, ndugu wa pweza na ngisi, alikaa chumba cha mwisho tu. Vile vya nyuma alivitoa maji kwa mrija mwembamba vikabaki na hewa, ndivyo alivyoelea. Upande mwingine umevunjika, na vyumba vimejaa fuwele nyeupe. Hakuna vyumba viwili vinavyolingana, wala mshono wowote.

Lakini kopo lilikuwa halina karatasi. Mjomba hakuandika aliliokota wapi, kwenye korongo gani, tabaka gani. Mheshimiwa, wewe una wataalamu, watakuambia hasara hiyo ilivyo kubwa. Aina za amonaiti zilibadilika upesi, hivyo aina moja ikijulikana ilitoka tabaka gani, inatoa umri wa tabaka hilo popote litakapoonekana tena. Pale Tendaguru, Lindi, makombe na amonaiti za matabaka ya bahari ndizo zilizosaidia kujua kwamba mifupa ya dinosaria iliyolala katikati yake ina takriban miaka milioni 150. Jiwe la mjomba lingeweza kusema jambo kama hilo. Sasa haliwezi.

Tendaguru yenyewe tunaifundisha kwa picha. Kati ya 1909 na 1913 watu wetu, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani na wenzake, walichimba na kubeba kwa vichwa hadi bandari ya Lindi zaidi ya tani 200 za mifupa, ikapelekwa Ujerumani, na lile dinosaria kubwa linasimama Berlin mpaka leo. Mjadala wa kulirudisha ni mzito na una wenyewe. Mimi naomba kitu kinachoingia kwenye sanduku la mbao.

Ndani yake ziwemo amonaiti nne au tano, zilizookotwa na wataalamu wenye kibali, kila moja na lebo ya Kiswahili: mahali, tabaka, umri. Pawe na moja iliyokatwa katikati ili vyumba vionekane, na moja ya bandia kwa makusudi, ili mtoto ajifunze kutofautisha kwa mkono wake. Makumbusho ya Taifa iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na wazazi wa wanafunzi wangu hawawezi nauli hiyo. Sanduku likija kwa basi kila muhula linatosha.

Na kwa kuwa wako wengi wenye kopo kama la mjomba, pamoja na sanduku tupatiwe ukurasa mmoja wa maelekezo: ukikuta kisukuku usikichomoe, piga picha, andika mahali, mjulishe nani. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, lakini dereva wa lori anayeokota jiwe zuri njiani haijui, na hajapata mtu wa kumwambia kwa lugha nyepesi.

Jiwe la mjomba liko kwenye kabati la maabara, limefungwa kwa kitambaa cha pamba. Nimeandika kwenye kadi yale machache ninayoyajua: njia alizopita, miaka aliyosafiri, majina ya miji aliyopenda kulala. Ofisa wako akija nitamkabidhi vyote, jiwe na kadi. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo aje saa za kipindi, Kidato cha Pili wamshuhudie akilipima na kuliandikia namba.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Jiografia, Mwanza