Barua ya wazi kwa wanangu wenye sukari, Lamu

Assalamu alaykum wanangu wa Mkomani, wa Langoni na nyinyi wa Shela.

Nawaandikia mimi mama yenu, muuguzi mstaafu. Chai mwanywa bila sukari, halua hamuigusi hata siku ya maulidi, na hilo nawapongeza. Lakini asubuhi mkipimwa mnakuta 11 au 12 (mmol/L), kisha mnalaumu vidonge. Sufuria hakuna anayeitazama.

Kisukari cha aina ya pili, mara nyingi, hakianzi kwa kuishiwa na insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu iingie mwilini. Insulini ipo, ila misuli na ini haziisikii. Na mafuta yana mkono mkubwa hapo. Yakizidi uwezo wa mwili kuyaweka chini ya ngozi, huhamia pasipo pake, ndani ya ini na ndani ya nyama ya misuli, na huko huvuruga ujumbe wa insulini. Sukari ya wali inabaki ikizunguka kwenye damu. Ini nalo linaendelea kumwaga sukari yake usiku kucha, ndiyo maana mtu aamka na kipimo cha juu ilhali hakula kitu. Si habari ya juzi: huko London, mwaka 1936, daktari Harold Himsworth alionyesha kwamba wako wagonjwa wa sukari ambao insulini haiwafai kama inavyowafaa wengine.

Sasa tutazame tunavyokula. Hamri limekandwa kwa tui, likatiwa kwenye karai la mafuta. Mbaazi zimepikwa kwa tui la pili, zikamaliziwa kwa kasimile, lile tui zito la kwanza. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, naye kaogeshwa kasimile. Jioni viazi karai na bajia, na lile gazeti zilizofungiwa limelowa mafuta hadi wasoma maandishi ya upande wa pili. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Tena mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni yale ya kuganda, ambayo mtu akiyazidisha hujaza ini kuliko mafuta ya alizeti.

Simwambii mtu aache nazi. Mtu wa Lamu bila nazi atakula nini? Ila kasimile iwe ya wageni, na hamri liwe la Idi. Siku nyingine mkate wa mofa na mbaazi za chukuchuku, changu wa kuchoma kwa ndimu na pilipili, na mchicha wa tui la pili jepesi. Wala msinisikie nusu: soda haikuhalalishwa, na sinia ya wali ipungue pia, maana kinachotakiwa ni tumbo lishuke.

Likishuka, mambo hubadilika. Utafiti wa Uingereza ulioongozwa na Roy Taylor na Mike Lean, uliotolewa 2017, uliwapa watu chakula cha kalori kama 850 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa, bila dawa. Walikuwa wameugua kwa miaka isiyozidi 6, hawakuwa wa sindano, na walisimamiwa na wahudumu wa afya. Msijaribu wenyewe majumbani.

Kutembea kila mtu anaweza. Msuli unaofanya kazi huchota sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Shela ni karibu, jamani, na boti hazitakosa abiria.

La mwisho ni dawa, na hapa nitakuwa mkali. Ukipunguza mafuta na uzito, kipimo cha dawa ulichozoea huenda kikakuzidi, hasa sindano ya insulini na vidonge vya glibenklamidi. Usikipunguze mwenyewe, mwambie daktari kabla hujaanza. Ukitokwa na jasho, ukitetemeka, kipimo kikaonyesha chini ya 4, kunywa chai ya sukari papo hapo, nami siku hiyo sitakugombeza. Kesho yake chukua daftari uende kliniki, usingoje tarehe uliyoandikiwa.

Mama yenu,
Langoni, Lamu