Anayempeleka binti Uarabuni awajibike mpaka arudi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu mawakala wanaopeleka mabinti zetu kufanya kazi za ndani Oman, Saudi Arabia na Dubai.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku Mbagala. Binti anayetaka pasipoti huanzia kwetu, kuchukua barua ya utambulisho. Wengi ukiwauliza safari ni ya nini, jibu ni lile lile, kama wamekaririshwa: "Naenda kumtembelea shangazi, Muscat." Ukimdadisi taratibu ndipo unasikia kwamba huyo shangazi hamjui, ada ya pasipoti, shilingi 150,000, imelipwa na dada mmoja wa saluni, na ofisi inayompeleka hajatajiwa. Alichonacho ni namba ya simu.

Sheria ya kukuza huduma za ajira tunayo tangu 1999, na kanuni za mawakala binafsi zilitoka 2014. Wakala lazima awe na leseni. Lakini mwenye leseni yuko mjini, na anayewakusanya mabinti huku mitaani ni dalali asiye na ofisi wala karatasi, anayelipwa kwa kichwa. Likiharibika, ofisi inasema haimjui.

Binti wa jirani yangu alinyang'anywa pasipoti siku aliyofika. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri na kulala saa saba usiku, kwa mshahara pungufu ya alioahidiwa. Mama yake alinionyesha meseji ya dalali: "Mwambie avumilie, akitaka kurudi arudishe gharama za tajiri." Tulipokwenda mjini, wakala akasema binti huyo hayumo kwenye vitabu vyake, na huku mhuri wake umegongwa kwenye mkataba tulioushika mkononi! Mama aliuza cherehani zake kupata nauli ya kumrudisha mwanawe. Mshahara uliobaki kule hajaupata hadi leo.

Na angeudai wapi? Chini ya kafala, yaani mfumo wa kule wa mfanyakazi kudhaminiwa na mwajiri wake, kibali cha kuishi kimefungwa kwa tajiri. Akitoka nyumba ile bila ruhusa anahesabiwa mtoro, anaweza kukamatwa. Ndiyo maana nasema haki yake lazima aweze kuidai hapa nyumbani, kwa aliyempeleka.

Ufilipino wanafanya hivyo. Sheria yao ya 1995 inambana wakala pamoja na mwajiri wa ng'ambo kwa mishahara na fidia, na wakala huweka dhamana ya fedha ambayo madai yanaweza kulipwa kutoka humo.

Sisemi safari zifungwe. Mtaani kwetu zipo nyumba za tofali zilizojengwa kwa fedha za Muscat, na ukifunga njia ya halali watapitishwa za panya.

Ninachoomba kwa wizara yenye dhamana ya kazi na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ni kwamba kila dalali aandikishwe chini ya leseni ya wakala anayemtuma, na wakala abebe kosa la dalali wake. Kisha orodha ya wenye leseni, pamoja na madalali wao, iletwe kwenye ofisi za mitaa na kuhuishwa kila inapobadilika. Ikitufikia, binti akija kuchukua barua tutamwambia palepale, yeye na mzazi wake, kama anayempeleka yumo au hayumo.

Mjumbe wa serikali ya mtaa,
Mbagala, Dar es Salaam