Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: ile karatasi uliyotuahidi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, saa kumi na moja alfajiri. Uji uko motoni na wenzangu 21 wanafagia uwanja kabla ya mkutano wa asubuhi. Mimi ni mkazi wa ile nyumba ya upataji nafuu, ya sisi tunaoacha dawa za kulevya, uliyotutembelea Ramadhani iliyopita. Ulipanda mwembe karibu na kisima. Tunaumwagilia kila jioni, umeshatoa majani mapya.

Siku ile ulisema, mwenyekiti wa mtaa akisikia, kwamba kila mkazi atapewa karatasi yenye picha yake na muhuri wa ofisi yako, ili akikutana na doria ajulikane kuwa yuko kwenye matibabu. Tulikupigia makofi. Wiki ile ile msimamizi wetu akachukua pesa ya mboga, tukapigwa picha za paspoti, akazileta kwako. Tangu hapo ni njoo kesho, njoo Jumatatu, mzee hayupo.

Jumanne ya wiki iliyopita nilimtuma mdogo wetu mmoja mkate. Simtaji jina, mama yake amelia vya kutosha. Ana miaka 23, alikuwa na miezi saba safi. Duka liko mbele kidogo ya geti letu. Doria wakaona makovu ya sindano mikononi mwake, wakampakia kwenye karandinga pamoja na vijana waliozolewa kijiweni. Akawaeleza anakaa wapi. Wakamjibu kila teja husema hivyo. Msimamizi alipofika kituoni akaulizwa: uthibitisho uko wapi? Uthibitisho ulikuwa ofisini kwako, Mheshimiwa, unasubiri muhuri.

Akalala ndani siku tatu, kabanwa katikati ya watu wenye arosto, yale maumivu ya kukosa dawa. Ijumaa usiku akaachiwa, hana kesi, hana simu, hana nauli. Akaona haya kurudi kwetu, akarudi maskani yake ya zamani. Akajidunga kipimo kile kile alichokizoea.

Hapa naomba unisikilize, maana wengi hawalijui hili. Mwili uliokaa miezi saba bila heroini haukibebi tena kipimo cha zamani. Kete, yaani kipakiti kile cha unga, iliyokuwa inamtuliza tu, sasa inakata pumzi. Walimleta hospitali kwa bodaboda, kakatwa na baridi, midomo imebadilika rangi. Yuko hai. Bado yuko wodini na hataki kuongea na mtu.

Mimi nilikula unga miaka 11. Niliuza cherehani ya mama, ile aliyotusomeshea. Nilipoletwa hapa, siku ya pili na ya tatu ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote: mifupa inauma kama inasagwa, jasho na baridi kwa pamoja, nikinywa maji yanarudi. Huyu kijana ndiye aliyekaa na mimi. Alikuwa ananikanda miguu kwa mafuta ya nazi usiku kucha na kuniambia, "Leo tu, kaka. Ya kesho tutayaona kesho." Ndiyo maana nashindwa kulala tangu Ijumaa. Mkate ule nilimtuma mimi.

Sisi hatubishani na sheria. Tunaijua ile ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na wengine wetu tumefungwa kwa haki. Lakini serikali hii hii ndiyo iliyoanza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, pale Muhimbili mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, kwa sababu ilikubali kwamba uraibu ni ugonjwa. Wapo jirani zetu wanaoitumia. Wengi wao huinywa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku. Mmoja wao akikamatwa njiani siku moja tu, dozi imempita na arosto iko mlangoni. Sasa mgonjwa afike vipi kwenye tiba kama njia yenyewe inamkamatisha?

Nadhani wale vijana wa doria wanadaiwa idadi. Ushahidi sina, ila nimewaona wakipita vichochoro vyetu jioni ambapo lori halijajaa. Na pengine picha zetu zimekwama kwa sababu kuna mtu pale ofisini ameziona akasema, haya mateja yatasubiri. Kama nimekosea, niwie radhi. Kama sijakosea, muulize.

Ulituahidi pia maji ya bomba na bwana afya wa kuja kila mwezi. Hayo leo siyadai. Maji tutachota, tumezoea. Nadai karatasi. Mama zetu wanauza vitumbua na kuweka vitenge rehani ili walipie kitanda hapa, halafu mtoto anachukuliwa hatua chache kutoka getini kwa kukosa karatasi yenye muhuri. Karatasi, Mheshimiwa. Ni hiyo tu.

Picha ulizonazo ni 23. Kuna moja ya kijana mwembamba, kavaa shati la bluu linalompwaya mabegani. Shati ni langu, nilimwazima siku ile ili atoke vizuri. Naomba uanze na yake, nimpelekee wodini.

Wako mtiifu,
Mkazi, zamu ya jikoni
Dar es Salaam